Nilivyopima Matabaka Saba Nikingoja Simu ya Binti

Hapa Gitega nafundisha mitandao ya kompyuta. Huwa nawaambia wanafunzi, kwa majivuno kidogo, kwamba mawasiliano yamepangwa kwa matabaka saba: chini kabisa waya, katikati anwani zinazoelekeza ujumbe, juu kabisa maneno tunayosoma. Kitu kikiharibika, anza kupima kutoka chini.

Binti yangu, aliyeolewa Muyinga, hunipigia kwa intaneti kila Jumapili baada ya misa. Jumapili tatu zilipita simu ikiwa kimya. Nikakagua waya, nikazima na kuwasha modemu, nikabadilisha mipangilio. Mwishowe nikamwita fundi Espoir nyumbani kwangu mtaani Musinzira, penye viti sita na mtu mmoja, nikamhutubia kuhusu matabaka yote saba.

Alipima kwa subira, kisha akanitazama.

"Prof, rezo iko bien kabisa, mtandao hauna shida. We ulimupigia binti lini?"

"Mimi? Yeye ndiye hupiga."

"Basi leo piga we."

Nikabonyeza jina lake, spika ikiwa wazi, fundi akisikiliza. Binti alipokea mara moja, akihema.

"Baba! Nani amekufa?"