Chini ya Meza ya Hadubini

Jamani, hili nawasimulia nikiwa nimeinamisha uso, maana hadi leo nikipita Kawetele kuna watu wananiita Mwalimu wa Chini ya Meza, na siwezi kuwalaumu.

Zilikuwa enzi za ruksa, sekondari za wazazi zimeanza kuota kila upande, na mimi nilifundisha baiolojia kwenye mojawapo, hadubini tunayo moja tu. Siku ya wazazi nikaweka ngozi ya kitunguu chini ya lenzi, nikaidondoshea ayodini, wazazi wakapanga foleni waone seli. Mara mlangoni akatokea baba mkwe! Sasa, kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe wala hasemi naye (wazee wa wakati ule hawakuwa na mchezo na hilo). Ningejifunika kitenge nikageukia ukutani, basi, yangeisha. Lakini si nilijiona msomi bwana, nikaona haya kujifunika mbele za wazazi, nikazama chini ya meza, kitambaa cha meza kikanisitiri.

Baba mkwe alikuja kwa jambo moja tu: kuamua kama Atupele, binti yake wa mwisho na mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, aendelee na shule au arudi nyumbani kuchuma chai. Akainama kwenye hadubini.

"Nimeiona seli! Duara, pembeni nyeusi tii, ndani hamna kitu."

"Baba, hicho ni kiputo cha hewa," Atupele akasema taratibu. "Seli zimepangana kama vyumba, na kila moja ina kiini ndani."

Baba mkwe akainuka kutoka kwenye lenzi.

"Yaani nimekuleta hapa ujifunze kunibishia mbele za watu? Mwalimu yuko wapi aseme?"

Niko miguuni pako, baba! Nilijua mtoto yuko sahihi, na kiputo nilikiacha mwenyewe kwa kulaza kioo harakaharaka, lakini nikajikunja zaidi, nikasikia, "Chukua madaftari yako twende," na Atupele akaanza kulia.

Kilio kile kikaniinua, nikasahau kuwa meza iko juu yangu, nikaibamiza kwa kichwa, Atupele akaidaka hadubini, kitambaa kikanifunika gubigubi na chupa ya ayodini ikanimwagikia yote. Nikageukia ukutani hivyohivyo. "Atupele anasema kweli! Kosa ni langu!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba mkwe naye akanipa mgongo upesi. Atupele akatengeneza kioo kingine, baba yake akachungulia kwa muda mrefu.

"Mwambie mwalimu nimeviona vyumba," akamwambia binti yake. "Hicho kidoa ndani ni nini?"

"Mwambie baba ni kiini," nikauambia ukuta, "ndicho kinachoongoza seli nzima."

Akachungulia tena.

"Ndaga," akashukuru kwa Kinyakyusa. "Mwambie kesho utakuja shule."

Ayodini ilinikaa usoni siku kadhaa, wanafunzi wakacheka mpaka wakachoka. Kicheko hakiniumi. Kinachoniuma ni kwamba mtoto nusura apoteze shule kwa kusema nilichomfundisha mwenyewe, nami nimejikunja pale chini, nasikia kila neno. Tangu siku ile baba mkwe akitokea najifunika kitenge mapema, ila mdomo siufuniki tena.