Harufu ya Samli

Juzi jirani alifungua kopo la samli, na harufu yake ikanirudisha utotoni, mtaa wa Bertrams kusini mwa Afrika, jikoni kwa Patti, bibi wa Kitamil tuliyepakana naye ukuta. Alasiri moja mama aliniacha kwake akakimbilia mtaa wa Yeoville kufunga saluni yake, maana watu walikuwa wanavunja maduka ya wageni kama sisi. Kelele zao zilitufikia.

Ili nisizisikie, Patti alinisimulia habari za kwao, kusini mwa India. Mwanamke mmoja, askari wa malkia wao, alijimwagia samli, akajiwasha moto, akaingia ghala la baruti la Waingereza.

Jua liliposhuka, Patti alichota samli akajaza taa ya miungu yake. Mafuta yaliyobaki vidoleni akayapaka nyweleni. Kisha akawasha kiberiti.

Nilimng'ang'ania miguu. "Patti, usiwaendee wale watu wa nje."

Hakucheka. Alizima njiti, akakaa nami sakafuni. "Siendi popote, mwanangu. Ni taa ya jioni tu."

Sasa najua kwamba aliiwasha taa ile kila jioni ya maisha yake. Siku hiyo tu hakuiwasha. Tulikaa gizani mpaka mama alipogonga, na hata hapo Patti hakuniachia.