Jedwali la Kweli na Mama Mkwe

Padri aliyetufundisha mantiki alichora jedwali ubaoni: V ni kweli, F ni uongo. Akasema "au" ina huruma; sehemu moja ikiwa kweli, sentensi nzima inapita. "Na" ina roho mbaya: ikiingia F moja tu, yote yanaanguka. Kumbe alikuwa ananifundisha sheria za serikali, Mungu ambariki.

Miaka ile ya ukoloni, mjini Élisabethville, mtoto mweusi aliweza kuingia shule ya Wazungu kwa masharti madogo tu. Baba ajue Kifaransa, na mama apige pasi hata mapazia, na choo king'ae, na familia nzima ile mezani kwa uma. Hakukuwa na "au" hata ya dawa. Nilitaka binti yangu aingie pale kuliko kitu chochote duniani. Nikachora jedwali, nikajaza V kila mahali, nikatamba mbele ya mke wangu. Msomi kweli kweli!

Msomi alisahau kwamba mama mkwe wake alikuwa amekuja kutoka Kasai kutusaidia kulea mtoto mchanga, mdogo wa binti yangu. Kwetu, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawali pamoja. Tangu nioe, nilikuwa naijua sauti yake tu, kutoka nyuma ya mlango.

Tume ya shule ya kukagua nyumba ikafika saa ya chakula: mabwana wawili wenye kofia na madamu mmoja aliyefunua hata sufuria zetu. Bwana mkubwa akamwona mama mkwe jikoni.

"Huyu naye ni wa familia? Basi na yeye mezani."

Jedwali likanishinda hapo hapo. Kuwa mstaarabu, na kuwa mkwe mwenye adabu: mstari wa V mbili haukuwepo. 

Mke wangu akaenda kumweleza mama yake. Mama akatoka jikoni, akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akanitazama machoni.

"Mukwe, kamata uma, tukule. Mutoto asome. Aibu ya leo iko yangu, hapana yako."

Machozi yakanitoka. Mabwana wakacheka sana, wakasema pilipili yetu inatushinda wenyewe. Chakula hakikuwa na pilipili.

Binti yangu alikubaliwa. Mama mkwe alipanda treni kesho yake, na mpaka anakufa hakukanyaga tena nyumbani kwangu.