Dawa ya Kutu kwenye Uji wa Mtoto

Binti yangu alipofikisha miezi kumi, mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki uliacha kupanda, ukalala chali. Ukimsogezea kijiko cha uji anafunga mdomo kama duka siku ya sikukuu. Mke wangu alikuwa amesharudi kazini bandarini, na mimi duka langu la vipuri kule Gerezani nalifungua nikitaka, kwa hiyo kliniki ikawa kazi yangu. Niliogopa, sikatai. Kila asubuhi nilimnyanyua juu nione kama ameongezeka, na kila asubuhi nikajidanganya kwamba ndiyo.

Nesi akaniambia uji wa ulezi na soya peke yake hautoshi. Niongeze unga wa ubuyu na majani makavu ya mlonge, kidogo tu, kwa sababu yana vitu vinavyolinda mwili usichakae. Akaona nimemkodolea macho.

"Baba, unafanya kazi gani?"

"Nauza vipuri vya magari."

"Basi chukulia ni dawa ya kutu."

Hapo ndipo alipoharibu. Sisi watu wa Gerezani dawa ya kutu hatuipimi. Tunapaka, tunarudia, tunamwagia mpaka chuma chenyewe kiombe radhi. Neno "kidogo" likanitoka kichwani kabla sijafika getini. Nikapitia Kariakoo nikanunua mlonge mfuko mzima, na muuzaji akaniuliza kama nafuga mbuzi.

Mashine ya kusaga iko Ilala, mtaa wa nyuma ya kwetu. Niliingia na ndoo yangu ya lishe, ulezi, soya, ubuyu na mlonge wangu wote nimeshachanganya, mtoto nimembeba mgongoni kwa kanga ya mama yake. Foleni yote wanawake.

"Jamani, oneni baba kabeba!"

"Kanga yenyewe kaifunga kama mzigo wa roli!"

Nikanuna. Mimi ni mwepesi wa kununa, hata mke wangu anajua. Lakini mama mmoja mtu mzima, muuza vitumbua, ambaye zamu ya kusaga mchele wake ilikuwa imefika, alinionea huruma.

"Pita wewe, baba. Mtoto mwenyewe mwepesi hivyo, mwahishe nyumbani akale."

Lile neno "mwepesi" lilinichoma. Hata hivyo nikapita bila kujivunga.

Kumbe kila anayesaga lishe anajua kwamba vitu vyenye rangi na harufu husagwa mwisho, mashine isije ikamwachia mwenzako mabaki. Mimi sikujua, na msagaji alikuwa na simu sikioni. Akaimimina ndoo yangu yote. Unga ulitoka wa kijani, kijani cha kupaka geti, nikafurahi kweli. Nilikuwa naondoka kifua mbele nikasikia mashine inaanza kusaga mchele wa yule mama, kisha sauti yake: "Yarabi! Unga wangu una nini?"

Nikaongeza mwendo. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyofanya.

Nikapika uji. Mwanangu akautazama, akanitazama mimi, akafunga mdomo. Nikaonja ili nimwonyeshe mfano, nikautema dirishani. Ulikuwa mchungu mpaka masikio yaliuma.

Kesho yake asubuhi, hodi. Baba anayebeba mtoto kwa kanga Ilala nzima ni mmoja, kwa hiyo yule mama hakupata shida kuniulizia. Alisimama mlangoni na sinia lililofunikwa kwa kawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa chini."

Nikakaa, nyumbani kwangu mwenyewe. Akafunua sinia. Vitumbua vya kijani, vimepangwa vizuri.

"Mchele mwingine sikuwa nao, nikapika huo huo. Wateja wameniuliza kama ni vya jana au vya mwaka jana. Hakuna aliyegusa hata kimoja. Sasa utavila wewe, vyote, na mimi nipo hapa nakuangalia."

Nikala. Cha kwanza, haki ya Mungu, kilikuwa kitamu. Nazi, iliki, na uchungu hakuna, kwa sababu mlonge ulioingia ni ule kidogo tu uliobaki kwenye mashine. Kufikia cha tano nikaomba maji. "Kula," akasema.

Nikiwa kwenye cha saba nikahisi navutwa suruali. Binti yangu alikuwa ametambaa, akasimama kwa kushika goti langu, mdomo wazi. Wazi kabisa! Nikammegea kipande laini cha ndani. Akakitafuna kwa fizi, akameza, akafungua tena mdomo.

Yule mama alinipokonya mkononi kile kitumbua, akampakata mtoto, akaanza kummegea mwenyewe, taratibu, kipande baada ya kipande. Mimi nikalia, mdomo umejaa.

"Acha kumwagia sinia machozi," akasema. "Mlonge uliweka kiasi gani?"

"Mfuko mzima."

Akampangusa mtoto mdomo.

"Kesho uji nakuja kupika mwenyewe. Wewe kaa na vyuma vyako."

Nikafuta machozi, nikanyoosha mkono nichukue cha nane, maana adhabu yangu ilikuwa haijaisha. Akanichapa kofi mkononi.

"Toa mkono," akasema. "Hivyo ni vya mtoto."