Neno Nililolikata kwa Penseli

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nilipoanza kusahihisha watu. Sikuchagua mtu. Mama aliposema "kitu yangu" nilimwambia ni kitu changu, na muuza maziwa aliposema "watoto hii" nilimsahihisha pale pale mlangoni, mpaka mama akanivuta sikio na kuniuliza kama maziwa yatakuwa matamu zaidi. Baba alikuwa gadi wa treni za mizigo, na tuliishi landi, yaani nyumba za reli hapo Nakuru, familia nne zikitumia jiko moja. Kabla sijazaliwa alikuwa amekaa Mombasa miaka minne. Kwangu hiyo ilitosha. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba Kiswahili cha kwetu kimetoka pwani, kana kwamba baba alikuja nacho ndani ya sanduku la bati.

Ukweli ni kwamba shuleni kwetu hakuna aliyekijua vizuri. Tulikuwa watoto wa reli, wa sokoni na wa mashamba ya wazungu, kila mmoja na lugha ya mama yake, na Kiswahili tulikiokota njiani. Kile cha vitabuni kilikuwa kingine kabisa. Mwalimu wetu, mwanamke mwenye subira ambaye naye alizaliwa huku huku bara, alikuwa na sanduku la mbao lililowahi kubeba majani ya chai, na ndani yake aliweka vitabu kama thelathini, hadithi ndefu zilizoandikwa kwa ajili ya watoto. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana ilikuwa saa ya maoni. Aliyemaliza kitabu alisimama mbele, akataja jina la kitabu, akaeleza kwa ufupi yaliyotokea, kisha akasema kama kilimpendeza. Sharti lilikuwa moja tu. Hukuruhusiwa kusema kitabu ni kizuri au kibaya bila kutoa sababu.

Niligundua mapema kwamba anayesifu kitabu husikilizwa kwa adabu, lakini anayekikosoa ndiye anayewafanya watu wainue vichwa. Basi nikawa mkosoaji. Kila Ijumaa nilikuwa na kitabu cha kutia ila, na wenzangu walianza kucheka kabla sijafungua mdomo. Nilipenda sana kicheko kile.

Februari moja, wakati upepo ulipokuwa ukileta vumbi jeupe la ziwani mpaka ndani ya madawati, nilichukua kitabu chenye jalada la buluu, kona moja imegugunwa na panya. Sentensi ya kwanza ilisema kulikuwa na mtoto mkiwa katika nyumba fulani. Mtoto mkiwa. Nilisoma tena nikatabasamu peke yangu. Mkiwa ni nyinyi: mkiwa wagonjwa, mkiwa njiani. Mtoto mmoja hawezi kuwa mkiwa. Nikachukua penseli, nikalikata neno lile, na juu yake nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: akiwa. Nikafungua ukurasa mwingine, nikalikuta tena, nikalikata tena. Baada ya kurasa nne nikafunga kitabu.

Ijumaa nilisimama mbele nikasema kitabu hiki kimeharibiwa na wachapaji. Nilisema watoto wanastahili vitabu visafi, kwamba hadithi yenyewe inakwenda polepole mno, na kwamba mwandishi hajui kumaliza. Hilo la kumaliza nalitaja kwa aibu hadi leo, kwa sababu mwisho sikuuona hata kwa jicho moja. Mwalimu alinisifu kwa jicho langu kali. Kisha akatutangazia kwamba shule itakapofungwa Aprili atachagua mwanafunzi mmoja wa kutunza sanduku lile nyumbani kwao, pamoja na ufunguo wake, kwa kuwa yeye anasafiri. Wenzangu waligeuka kunitazama, nami nikajifanya natafuta kitu chini ya dawati.

Kulikuwa na msichana aliyeketi nyuma kabisa. Alitoka shamba moja la upande wa Subukia, lakini wakati ule alikaa na shangazi yake karibu na soko. Mama yake alikuwa amekufa, na baba yake alichukuliwa na askari katika misako ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, asionekane tena. Haya tuliyajua sote na hakuna aliyeyataja. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Siku moja tukiwa tunafagia darasa aliniambia anautaka ufunguo ule. Kwa shangazi hakukuwa na kitu cha kusoma, alisema, na shule ikifungwa yeye husoma karatasi zinazofungiwa chumvi dukani, pande zote mbili, kisha huzirudia. Nilimwonea huruma, nikaendelea kuutaka ufunguo.

Alikichukua kitabu kile cha buluu siku ile ile nilipokirudisha. Alikaa nacho wiki mbili. Ijumaa ya tatu akasimama mbele, mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza nikasikia kilichokuwamo ndani ya kitabu nilichokikosoa.

Alisema ni hadithi ya mtoto anayelelewa katika nyumba ya jamaa. Hapigwi, wala hanyimwi chakula, ila hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwambia tu, wewe, njoo, wewe, lete maji. Basi yeye anawapa kuku majina, ili nyumbani mle muwe na anayeitwa. Msichana alieleza haya bila haraka na darasa likatulia. Akasema kitabu kimempendeza kwa sababu mwandishi hakuleta mjomba tajiri wa kumwokoa mtoto. Mtoto anabaki pale pale. Kinachotokea mwishoni ni kwamba siku moja mwenye nyumba anatokea mlangoni na kumwita kwa jina lake aje ale. "Hiyo tu," alisema. "Lakini hiyo inatosha."

Sijawahi kusikia maoni bora zaidi ya kitabu, na nimezeeka nikisikia mengi. Nilijua hivyo nikiwa bado nimeketi. Niliona Mwalimu ameacha kuandika, anamtazama. Nikauona ufunguo unaondoka. Wivu ulinipanda, na hapo ndipo yeye, akimalizia, aliposema kwamba kwa hiyo ni hadithi nzuri ya mtoto mkiwa.

"Akiwa," nikasema kwa sauti kutoka kwenye dawati langu. "Mtoto akiwa. Mkiwa ni watu wengi."

Akanigeukia. Hakuwa na hasira. "Si makosa," akasema. "Iko kitabu mzima. Hata mimi ni mkiwa."

"Na mimi ni mkienda," nikajibu.

Darasa lililipuka. Mmoja akasema yeye ni mkila, mwingine akasema yeye ni mkilala, na kijana wa dirishani akapiga dawati akisema yeye ni mkikojoa. Mwalimu aligonga meza mpaka tukanyamaza, lakini naye alikuwa akiuma mdomo asicheke. Akamwambia yule msichana, kwa upole kabisa, "Ni akiwa, mwanangu. Umesoma vizuri. Sasa kaa chini." Akaenda akaketi. Kufika jioni jina lake lilikuwa Mkiwa, na aliyempa nilikuwa mimi.

Jumapili baba alikuwa nyumbani, tumetoka kanisani, tunakula ugali na sukuma. Nikamsimulia kisa kile. Nilikisimulia vizuri, nikaigiza sauti yake, nikaweka "na mimi ni mkienda" mahali pake hasa. Mama alicheka. Baba hakucheka.

"Huyo msichana ana wazazi, mama?" akaniuliza. Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi.

Nikamwambia mama yake amekufa, na baba yake alichukuliwa.

Akarudisha tonge kwenye sahani. "Basi hakukosea," akasema. "Mkiwa ni mtu aliyebaki bila watu wake. Kule Mombasa tulikuwa na jirani aliyewazika watoto wake wote, watu wakimwita hivyo, mkiwa. Huyo mtoto amewaambia hali yake, nawe ukawachekesha wenzako. Kesho uliseme hilo hapo hapo uliposemea lile lingine, na wote wasikie."

Masikio yalinichoma. Mama naye aliacha kucheka na kunitazama kwa namna ambayo hakuwa amenitazama hata siku ya muuza maziwa. Sikulia, maana kulia kungekuwa kujihurumia. Nililala mchana kutwa nimegeukia ukuta nikijifanya nina homa, na kila nilipofumba macho nilimsikia akisema hata mimi ni mkiwa, kwa sauti ile isiyo na hasira, kama mtu anayekuonyesha nyumba yao ilipo.

Jumatatu nilikwenda shule nikiwa nimeyapanga maneno. Mwalimu aliingia, tukasimama, tukaketi, na maneno yakabaki mdomoni. Nikajiambia saa ya maoni ndiyo mahali pake. Nitangoja Ijumaa.

Jumanne nilimkuta yule msichana bombani peke yake, anaosha miguu. Nilimweleza yote mbio mbio, kwamba baba anakaa Mombasa, nikajirudi, kwamba alikaa, kwamba yeye alisema sawa na mimi ndiye niliyekosa. Nikamwomba msamaha. Alimalizia mguu wa pili kwanza.

"Nilijua," akasema. "Sema huko ndani."

Nikasema nitasema. Hilo ndilo jambo pekee alilowahi kuniomba.

Ijumaa nilisimama mbele nikatoa maoni juu ya kitabu cha mbwa aliyepotea. Nilikisifu. Nilimwona kule nyuma ameinua uso, anangoja, na nilipofika mwisho nikashukuru nikaketi. Ijumaa iliyofuata Mwalimu alikuwa mgonjwa, na moyo wangu ulifurahi kwa ugonjwa wake. Iliyofuata hiyo, sikusimama kabisa. Sikuwa na udhuru wowote. Niliogopa watu wale wale walionicheka kwa kupenda wanicheke kwa kunidharau, na niliuogopea ufunguo. Yeye hakusimama tena mbele tangu siku ile. Mwalimu alipomwuliza kama amemaliza kitabu alisema bado, ingawa nilimwona akirudisha na kuchukua kila wiki.

Siku ya kufunga shule nilipewa ufunguo. Mwalimu alieleza sababu, kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa kutoa sababu: nina jicho la lugha. Watu walipiga makofi. Niligeuka nikaona yule msichana naye anapiga, taratibu, kama wengine.

Aprili hiyo serikali iliwaamuru wengi wa kabila la yule msichana kurudi rizavu, yaani maeneo yaliyotengewa kabila lao. Shangazi yake alipakiwa kwenye lori pamoja na majirani zake, sufuria na magodoro, naye akaenda nao. Nilisikia habari hiyo sokoni nikiwa nimetumwa vitunguu. Nilirudi nyumbani nikafungua sanduku, nikasoma kitabu cha buluu chote, mara mbili. Neno lile limo mara tisa. Mwandishi analirudia kwa makusudi, na mtu akisoma taratibu, midomo ikicheza, kufika mara ya nne atakuwa amelielewa bila kuambiwa na aliyekaa Mombasa. Nilijaribu kufuta penseli yangu kwa tonge la mkate. Nilikuwa nimekandamiza sana. Mkato haukutoka, ila karatasi iligeuka kijivu.

Baba aliporudi safari yake aliniuliza kama nilisema. Nikamwambia nilisema. Akaniamini, na hakuniuliza tena mpaka alipokufa.

Muhula mpya ulipoanza Mwalimu aliniachia ufunguo, nikauvaa shingoni kwa uzi, nikawa mimi ndiye wa kugawa vitabu. Dawati la nyuma walilikalia wengine. Mchana mmoja msichana mdogo aliyehamia darasani kwetu muhula ule alikuja na kitabu cha buluu kimefunguliwa ukurasa wa kwanza, kidole chake kimewekwa pale pale penye kijivu.

"Dada," akasema, "hapa kumekatwa. Ni mkiwa ama ni akiwa?"

Darasa zima lilikuwapo. Mwalimu alikuwa mezani, kalamu mkononi, hatua tatu kutoka kwangu. Sikuhitaji hata kusimama, kuinua sauti kidogo tu kungetosha. Niliushika ufunguo kwa vidole viwili, nikafikiria nitakavyoulizwa kwa nini sikusema mapema, na ufunguo ulinifikiaje.

"Ni akiwa," nikamwambia. "Hilo lingine ni makosa ya wachapaji."

Akanishukuru, akaenda kuketi. Ijumaa alisimama mbele, mikono nyuma, akasema kitabu chake ni hadithi nzuri ya mtoto akiwa, na hakuna aliyecheka.