Somo la Asidi

Mke wangu ni mwalimu wa kemia, na kwa miaka sita amekuwa akiendesha blogu ya masomo kwenye meza yetu ya jikoni. Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu kwenye blogu ni kushika simu bila kutikisika na kufunga mdomo, na hilo la pili hunishinda. Picha tunachukua kwanza. Sauti anarekodi baadaye, ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti, ili kusiwe na mwangwi. Walimu wa shule zisizo na mtandao huzipakua video nyumbani kwao, wakazitia kwenye flashi, na kesho yake wakazionyesha ukutani kwa projekta.

Jumatano asubuhi alikuwa akipiga pasi huku akisikiliza somo aliloweka siku mbili kabla, la kuzimua asidi. Nikaona pasi imesimama juu ya blauzi.

"Baba watoto, hebu sikia. Nimesema nini hapo?"

Akarudisha nyuma. Sauti yake, tulivu na yenye uhakika, ikasema: "Sasa mimina maji kwenye asidi."

Kwenye picha mikono yake ilikuwa imefanya sawasawa, asidi kidogo kidogo ndani ya maji. Lakini vyote viwili havina rangi, nani angejua kipi ni kipi? Ukimwaga maji kwenye asidi kali, huchemka papo hapo na kukurukia usoni. Hata mimi wa uzi na sindano nalijua hilo.

Chini ya video palikuwa na ujumbe wa mwalimu mmoja wa mbali, tuliyempa jina la Bwana Asante kwa kuwa hachoki kushukuru: "Nimeshapakua. Jumatano saa nne wanangu wataitazama, kisha watajaribu wenyewe. Asante, asante sana."

Mke wangu akaifuta video. Ingesaidia nini? Nakala ilikuwa mfukoni mwa mtu. Methali ya maji yaliyomwagika ilinijia ulimini, nikaimeza. Akapiga simu ya Bwana Asante, imezimwa. Akapiga tena na tena. Niliogopa, na niliona aibu pia, kwa sababu siku ile ya kurekodi mimi ndiye niliyemharakisha, nikigonga kabati nikidai koti la mteja.

Saa tano kasoro simu ikalia, akaiweka kwenye spika.

"Mwalimu, nimeona umenipigia mara kumi na nne."

"Kuna mtoto ameumia?"

"Hapana. Nilitangulia kuonyesha mimi, wao wamekaa nyuma. Imenirukia mkononi. Nimeosha kwa maji mengi, nesi amenifunga. Macho yameokolewa na miwani."

Mke wangu akakaa sakafuni. "Nisamehe, ndugu yangu. Kosa ni langu peke yangu."

"Kuna binti mmoja hapa alinyoosha mkono kabla sijamimina. Akasema mwalimu wa kwenye video amekosea. Nikamwambia akae chini, yule mama hakosei. Darasa zima likamcheka."

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa, kanisaidia kubeba vitabu."

"Mpe simu."

Tukasikia simu ikipokewa, kisha sauti nyembamba yenye woga.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba unisamehe, sikukusudia kukuvunjia heshima."