Sufuria Moja, Nyumba Mbili

Mume wangu aliagiza sufuria mbili za presha, zile za umeme, ikaja moja. Duka la mtandaoni la Dar likamwandikia kwamba mzigo umeisha, pesa ya ile ya pili imerudishwa. Kwa mwenye mke mmoja hiyo ni habari ndogo. Yeye ana wawili: mimi hapa Masoko, na bi mdogo kule Kikole kwenye mashamba ya ufuta.

"Itakwenda kwa zamu," akasema. "Ninapolala mimi ndipo itakapolala na yenyewe."

Nilicheka, lakini moyoni niliungua. Mimi ndiye niliyeiona kwanza kwenye simu, mimi ndiye niliyemwonyesha, na sasa naifunga kwa kamba ya mpira nyuma ya pikipiki yake ikampikie mtu kunde.

Basi nikaanza kuliwinda lile duka. Asubuhi kabla ya chai nafungua simu: zimeisha. Nikimaliza kusali adhuhuri: zimeisha. Mara moja nikakuta zipo. Nikajaza kila kitu haraka haraka, mtandao ukazunguka weee, uliporudi hakuna kitu. Nililia. Pale chini waliowahi walikuwa wamebandika picha zao, kila mmoja na sufuria yake, eti "asante, mzigo umefika salama." Niliwachukia watu nisiowajua.

"Subira yavuta heri," mume wangu akaniambia.

Nikamjibu kwamba heri imeshavutwa Kikole.

Ile yetu ya zamu ilikuwa ikirudi inameremeta, bi mdogo ameisugua hadi chini, ili nijue kwamba yeye ni msafi. Ila ule mpira wa kwenye mfuniko haufichi kitu, unashika harufu. Nikaunusa. Pilau! Na mimi nimeambiwa kule wanakula ugali na kisamvu tu. Tangu hapo, kila siku ya mwisho ya zamu yangu nilichemsha pweza, makusudi, nikauosha mpira juu juu, uende ukamsalimie.

Na zamu ya bi mdogo ikipitiliza hata kidogo, napiga simu. "Sufuria yangu iko wapi? Nina pweza hapa ataniozea." Mwanamke wa umri wangu hapigi simu kwa mke mwenzake kuuliza mume yuko wapi, atachekwa hadi Kipatimu. Lakini kuuliza sufuria, nani atakucheka? Jioni yake pikipiki inaingia uani.

Hatimaye nami nikaipata. Nilikuwa sokoni napima mchele, nikabonyeza bila matumaini, ikakubali. Ilipofika na basi niliikumbatia palepale stendi. Yangu peke yangu, na mpira mpya usio na harufu ya mtu. Ile ya zamani nikasema abaki nayo bi mdogo, tena nilisema kwa sauti ya ukarimu.

Zamu iliyofuata mume wangu alichelewa. Nyingine akachelewa zaidi, mara ufuta, mara mvua. Nikishika simu naiweka. Ningeuliza nini, na sufuria ipo mbele yangu? Pweza alikuwa akiiva upesi, nikamla peke yangu. Bi mdogo nilikuwa namwonea wivu wa chombo. Sasa nikamwonea wivu wenyewe, ule usio na pa kuutolea.

Siku moja nikashindwa, nikapiga. Akapokea bi mdogo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mpe simu mume wetu."

Mume wangu alipokuja kwenye simu nilikuwa nimeshajipanga. "Sufuria yangu imeharibika," nikamwambia. "Niletee ile."

Yangu ilikuwa jikoni pembeni yangu, nzima, inafoka mvuke. Nikaziba simu kwa kiganja asije akasikia.

"Usihangaike, mke wangu," akanijibu kwa upole. "Nakuagizia nyingine leo hii hii. Siku hizi zimejaa tele."